Dirisha la Johari

Kazi iliingia saa tano usiku. Maneno 2,000, mteja ni mwanafunzi wa uzamili wa biashara, MBA, huko Uingereza, makataa saa 14. Swali lenyewe lilikuwa refu, limejaa maagizo ya jinsi ya kupanga kurasa, lakini ukilikamua lilikuwa linasema hivi: eleza ulichojifunza kujihusu ulipofanya kazi na kikundi chako muhula huu. Tumia mzunguko wa Gibbs, hatua za Tuckman na dirisha la Johari. Andika kwa nafsi ya kwanza. Kuwa mkweli.

Nikamwandikia mteja kumuuliza, kwa adabu, kikundi chake kilikuwa na watu wangapi na walifanya nini. Jibu lilikuja baada ya nusu saa. Alisema nitunge tu chochote, mradi kisikike kama kimetoka moyoni.

Kama umewahi kupanga bedsita Kahawa Wendani, ama Roysambu, ama Juja, hii kazi unaijua. Tunaiita kuandikia wazungu, ingawa wateja wengine wala si wazungu. Mimi niliianza nikiwa mwaka wa 2 wa digrii ya biashara. Mwaka wa 3 karo ikanishinda, nikaacha chuo, na kilichokuwa kibarua kikawa ndiyo kazi. Kwa hivyo hesabu yangu ilikuwa hivi: mtu ambaye hakumaliza digrii ya kwanza ya biashara anawaandikia watu wa digrii ya pili ya biashara, na wanapita. Sijivunii, na pia sitaomba msamaha kwa kila anayepita njia. Mwaka 2022 Uingereza ilipitisha sheria ya kuharamisha uuzaji wa hizi insha, na mwaka huo huo ukielekea kuisha ChatGPT ikatoka, ikatumaliza vizuri zaidi kuliko sheria yoyote.

Insha za fedha, za masoko, za ugavi, niliandika nyingi sana na siikumbuki hata moja. Hii ya kujitambua ndiyo imekataa kutoka kichwani. Kinachonisumbua si kama nilifanya vibaya. Hilo jibu ninalo. Ni hili: ilikuwaje kujijua kukawa kitu cha maneno 2,000, cha kupewa alama, ambacho mtu wa Wendani anaweza kumfanyia mtu wa Uingereza na hakuna anayeshtuka? Nikaanza kuisoma ile historia ambayo usiku ule niliiruka kwa sababu ya makataa.

Tuanze na jina, kwa sababu jina lilinidanganya. Nilipoona Johari mara ya kwanza nilidhani kuna Mswahili mahali. Johari, kito, jiwe la thamani. Nikafikiri labda kuna mtaalamu alipitia Mombasa ama Unguja akaliokota neno akaenda nalo. Wapi. Ni Joe na Harry. Joseph Luft na Harrington Ingham, wanasaikolojia wawili Wamarekani, walichora hilo dirisha mwaka 1955 wakaunganisha majina yao. Ni kama Kamau na Otieno wavumbue kitu wakiite Kamoti.

Dirisha lina vioo 4. Kioo cha kwanza ni yale unayoyajua kujihusu na wenzako pia wanayajua. Cha pili ni yale unayoyajua wewe lakini umeyaficha. Cha tatu ni yale ambayo wenzako wanayaona na wewe huyaoni. Cha nne ni yale ambayo bado hakuna anayeyajua. Mchoro wa mtoto wa darasa la 4, kusema kweli. Lakini angalia kile kioo cha tatu. Huwezi kukifungua ukiwa peke yako. Unaweza kutafakari hadi kuche, ujaze madaftari 3, ufunge na kusali. Kama hakuna mtu aliyekuona ukifanya jambo na akakubali kukwambia alichoona, kioo kinabaki giza. Hilo ndilo dirisha lote linasema, na ndilo nililokuwa nimeagizwa kulitumia kuandika, peke yangu, usiku, kuhusu mtu nisiyemjua.

Luft na Ingham hawakulitoa hilo dirisha hewani. Lilizaliwa ndani ya aina fulani ya mafunzo ya vikundi ambayo wakati huo hayakuwa yamefikisha miaka 10, na mafunzo hayo yalianza karibu kwa ajali.

Kurt Lewin alizaliwa 1890 katika familia ya Kiyahudi huko Mogilno, mahali ambapo siku hizo palikuwa Prussia na leo ni Poland. Alipigana Vita Vikuu vya Kwanza upande wa Ujerumani, akajeruhiwa, akawa mwanasaikolojia Berlin. Hitler alipochukua madaraka mwaka 1933, Lewin akahamia Marekani. Mama yake hakuokoka. Wanazi walimuua.

Nayataja haya kwa sababu ukikutana na mambo ya kazi ya pamoja siku hizi, mara nyingi unakutana nayo Naivasha: wafanyakazi wa ofisi wamevaa tisheti za rangi moja, wanavuta kamba, kuna jamaa wa maikrofoni anawaambia wapige makofi. Utadhani kitu hiki kilibuniwa ili kampuni za bima ziuze zaidi. Lewin alikuwa na hofu nyingine. Akiwa Iowa, mwishoni mwa miaka ya 1930, yeye na wanafunzi wake waliwaweka wavulana wadogo kwenye vilabu vya kutengeneza vinyago vya uso. Kiongozi mmoja aliamrisha kila kitu, mwingine alishirikisha, mwingine aliwaachilia tu wafanye wapendavyo. Watoto wale wale walibadilika kulingana na kiongozi waliyepewa. Kwa mtu aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, hilo halikuwa jambo la kupigia makofi Naivasha.

Mwaka 1946 tume ya jimbo la Connecticut iliyoshughulikia uhusiano wa watu wa rangi tofauti ilimwomba msaada. Ilitaka walimu, wahudumu wa jamii, wafanyabiashara na viongozi wa mitaa wajifunze kupambana na ubaguzi wa rangi na wa dini mahali wanapoishi. Walikutana kwa wiki 2 katika chuo cha walimu cha mji wa New Britain. Mchana washiriki walijadiliana kwa vikundi, na watafiti wakakaa pembeni wakiandika: nani alisema nini, nani alimkatiza nani, nani alinyamaza. Jioni, washiriki wakiwa wameachiliwa, watafiti na wakufunzi walikuwa wanakutana kulinganisha maandishi yao.

Basi washiriki wachache, ambao jioni hawakuwa na pa kwenda, wakauliza kama wanaweza kuingia wasikilize. Wengine kwenye jopo hawakuipenda hiyo hoja. Lewin akasema waje.

Mtafiti mmoja akaanza kusoma alichoandika kuhusu mwanamke fulani, na huyo mwanamke ameketi pale pale. Akamkatiza. Akasema hivyo sivyo ilivyokuwa, akaeleza alivyoona yeye. Mtafiti akaeleza alichoona. Na watu wengine waliokuwepo nao walikuwa na yao. Haikuchukua siku nyingi, karibu washiriki wote wakawa wanakuja jioni.

Mimi hicho kikao nimekifikiria sana. Umewahi kusikia watu wakikuongea, na wewe uko nyuma ya mlango? Moyo unavyodunda, na huku hutaki wanyamaze? Sasa weka hiyo, lakini mlango uko wazi, kila mtu anajua uko, na unaruhusiwa kujibu. Lewin na wenzake watatu, Ronald Lippitt, Leland Bradford na Kenneth Benne, waliona kwamba jioni ilikuwa inafundisha kuliko mchana. Mada ya mchana ilikuwa ubaguzi ulioko nje huko. Mada ya jioni ilikuwa wewe, leo saa nne asubuhi, humu ndani, mwenzako alipokuwa akiongea, ulifanya nini. Wakalipa jina walilokopa kwa wahandisi, ambalo sisi tunaliita mrejesho: sehemu ya kinachotoka kwenye mtambo inarudishwa ndani ili mtambo ujirekebishe.

Lewin hakuishi kuona kilichofuata. Alikufa Februari 1947, ugonjwa wa moyo, ana miaka 56. Miezi michache baadaye wale watatu wakafungua kambi Bethel, mji mdogo wa jimbo la Maine, kwenye majengo ya shule iitwayo Gould Academy. Pesa zilitoka kwa chama cha kitaifa cha elimu na, usishangae, jeshi la majini. Kikundi cha mafunzo cha Bethel kikaja kuitwa T-group, na hiyo ndiyo nyanya ya kila somo la kujitambua unaloliona kwenye orodha ya masomo ya MBA.

T-group inafanya kazi hivi. Watu kama 12 wanakaa kwa duara. Mkufunzi anawaambia hakuna ajenda, hakuna mwenyekiti, kazi yao ni kujifunza kutokana na kinachotokea kati yao. Kisha ananyamaza. Si kunyamaza kwa dakika 2. Ananyamaza kabisa. Mwanzoni watu wanacheka. Halafu wanakasirika. Kuna mmoja atapendekeza wajitambulishe, mwingine atauliza ni nani amemchagua huyo kuwa kiongozi, mwingine atatoa kalamu aanze kuandika orodha, na kuna yule ambaye tangu aingie hajasema neno na kila mtu ameanza kumwogopa. Hapo sasa kuna kitu cha kusoma. Hakuna kitabu. Somo ni ule ukimya na jinsi kila mmoja alivyoukimbia.

Makampuni yalikinusa hicho kitu mapema. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950, kampuni ya mafuta ya Esso ilikuwa inawaweka mameneja wake kwenye vikundi vya namna hii. Ungeuliza ubaguzi ulienda wapi. Ule mkutano wa New Britain uliitishwa kwa sababu ya watu walionyimwa kazi na nyumba kwa rangi yao, na kwa miaka kama 12 hivi chombo kilichozaliwa pale kikawa kinatumiwa kuwasaidia mameneja waelewane wao kwa wao. Sijaona popote mtu aliyekaa chini akaamua hivyo. Pesa ziliita tu.

Kulikuwa na madhara pia, tusifiche. Miaka ya 1960 vikundi vya aina hii vilitapakaa Marekani, vingine vikiongozwa na watu ambao hawakuwa na mafunzo yoyote. Mwaka 1973 Lieberman, Yalom na Miles walichapisha utafiti wao juu ya vikundi walivyovifuatilia Stanford, na wakaonyesha kwamba kuna washiriki waliotoka wakiwa wameumia kisaikolojia, si kwa siku mbili tatu. Kumwambia mtu ukweli mbele ya watu 11 kunaweza kumjenga. Kunaweza pia kumvunja, na tofauti mara nyingi ni yule anayeongoza.

Sasa, shule za biashara. Hapa nilidhani nitakuta hadithi ya moja kwa moja, kumbe zilianza kwa kukimbilia upande mwingine. Mwaka 1959 zilitoka ripoti 2 nzito, moja ikilipiwa na wakfu wa Ford, nyingine na wa Carnegie, na zote zilisema kwamba shule za biashara za Marekani ni dhaifu kitaaluma. Aibu hiyo ikazisukuma kwenye hesabu: takwimu, uchumi, modeli. Ilichukua karibu miaka 30 kabla ya ripoti nyingine, ya mwaka 1988 iliyoandikwa na Porter na McKibbin, kuja na lalamiko la kinyume, kwamba wahitimu wanajua kuchambua lakini upande wa kuishi na kufanya kazi na watu umepuuzwa. Baada ya hapo kila shule ikaanza kutafuta mahali pa kuliingiza somo. Chuo kikuu cha Case Western Reserve kiliweka kozi ya lazima mwaka 1990. Harvard ilianza mpango wake mwaka 2011, miaka michache baada ya watu wenye MBA kusaidia kuuangusha uchumi wa dunia.

Stanford ndiyo haikungoja. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alifika hapo mwalimu mmoja kijana, David Bradford, mtoto wa yule Leland wa Bethel. Kozi aliyoijenga bado ipo. Jina rasmi ni Interpersonal Dynamics, lakini wanafunzi huiita Touchy Feely, kwa utani wa watu wanaoogopa kidogo. Ni T-group ile ile: wanafunzi 12, wawezeshaji 2, saa nyingi. Na hapo ndipo shida iko. Watu 12 wanahitaji wawezeshaji 2 waliofunzwa vizuri. Chuo chenye wanafunzi 300 wa MBA wanaolipa karo kubwa, na mhadhiri mmoja wa somo hilo, kitafanya nini?

Kitawapa insha. Huo ni uamuzi wangu, sijausoma mahali, lakini angalia vifaa nilivyokuwa nimetumiwa.

Mzunguko wa Gibbs ulitoka kwenye kitabu cha Graham Gibbs cha mwaka 1988, kilichoandikiwa walimu. Una hatua 6: nini kilitokea, ulihisi nini, kipi kilikuwa kizuri na kipi kibaya, kwa nini, umejifunza nini, utafanya nini wakati ujao. Kwa mazungumzo baada ya zoezi, huo ni mwongozo mzuri sana. Kwa mwandishi wa kulipwa ni zawadi. Kila hatua ni aya 2, umemaliza. Rafiki zangu wote wa Wendani wanaukariri kama sala ya chakula.

Tuckman naye. Mwaka 1965 Bruce Tuckman, akiwa mtafiti kwa jeshi la majini la Marekani, alitoa makala iliyosema vikundi hupitia hatua 4: kuundwa, kugombana, kukubaliana, kufanya kazi. Ya 5, kuachana, aliiongeza na Mary Ann Jensen mwaka 1977. Kitu ambacho sikukijua nilipokuwa namnukuu kila wiki ni kwamba Tuckman hakukaa na vikundi vyovyote kuviangalia kwa ajili ya hiyo makala. Alisoma makala 50 za watu wengine, nyingi zikiwa za vikundi vya matibabu ya akili na T-group, akazipanga. Nilipoligundua hilo nilicheka peke yangu. Buda alikuwa anafanya kazi yetu.

Nisimsahau Meredith Belbin, Mwingereza, kwa sababu yeye angalau alikaa akaangalia. Kwenye chuo cha mameneja cha Henley, kwa miaka kadhaa ya 1970, aliwapima washiriki kabla ya mchezo wa kuendesha kampuni ya kubuni, kisha akapanga timu kwa makusudi. Wale wenye akili kali kuliko wote aliwaweka pamoja, timu hizo zikaitwa Apollo. Kila mtu alitarajia zishinde. Mara nyingi zilimaliza mkiani. Kila mmoja alikuwa hodari wa kutoboa hoja ya mwenzake, na hakuna aliyeangalia mwenzake anafanya nini.

Apollo ya Wendani ilikuwa na watu 4: mimi, Kanini, Otis na Mose. Majina nimeyabadilisha. Akaunti ilikuwa moja, na ilikuwa mikononi mwangu kwa sababu mimi ndiye niliyeipata kwanza. Kazi zikiingia, mimi ndiye nilikuwa nagawa. Pesa zikiingia, zilipitia M-Pesa yangu. Kila kazi kabla haijatumwa niliisoma, na usiku nilikuwa narekebisha za wenzangu bila kuwaambia, halafu asubuhi naamka na ile sura ya mtu aliyebeba nyumba nzima mgongoni. Ungeniuliza wakati huo kama sisi ni timu nzuri ningekwambia sana. Nilikuwa nimeandika insha kama 20 kuhusu timu nzuri.

Jumapili moja, wiki moja hivi kabla ya ile kazi, stima zilipotea kama saa mbili usiku. Tulikuwa kwangu tunakula chapati na ndengu. Laptopu zote zilikuwa zimeisha chaji, hakuna Wi-Fi, hakuna makataa ambayo tungeweza kuyafanyia chochote. Tukakaa tu gizani. Nikaanza kusema jinsi tutakavyopanga kazi za wiki.

"Naweza kukuambia kitu na usikasirike?" Kanini akauliza.

"Sema."

"Wewe hutusikizi. Unangoja tumalize ndio uongee. Na ukirekebisha kazi yangu bila kuniambia, mimi huona ni kama unaniambia nirudi kwetu."

Otis akacheka kidogo, akaacha. Mose akasema, "Ni ukweli, buda."

Nilikasirika. Nilikumbusha watu ni nani aliyeipata akaunti, nikataja karo yangu, nikataja hata kodi. Stima zikarudi, kila mtu akachomeka laptopu yake, na hatukuongea tena kuhusu hiyo stori.

Sasa rudi kwa ule usiku. Saa tisa, nina maneno 900, yote ya hewa. Aya ya hisia ilikuwa imenishinda kabisa. Mteja wangu alihisi nini? Sikumjua hata jinsia. Nimekunywa chai ya rangi ya 3. Na hapo nikampa mteja mwenzake wa kikundi wa kubuni, nikamwekea kinywani maneno ya Kanini. Yote. Kutosikiza, kungoja, kurekebisha kazi ya mtu usiku. Nikamfanya mteja akasirike kama nilivyokasirika, ataje gharama zake kama nilivyotaja zangu. Kisha, kwa kuwa hatua ya 5 na ya 6 zinadai, nikamfanya aelewe. Nikamwandikia mpango: ataacha kugusa kazi ya mwenzake bila kuuliza, atamtafuta amwombe msamaha, atamuuliza ni nini kingine alichoona. Yale maneno 1,100 yaliyobaki yalitoka kwa saa 2. Sijawahi kuandika haraka hivyo.

Wiki 3 baadaye mteja aliniandikia. Alikuwa amepata 76, ambayo huko kwao ni alama ya juu, na mhadhiri aliandika pembeni kwamba ni nadra kusoma mwanafunzi anayejitazama hivi bila kujihurumia. Alinitumia dola 10 za shukrani. Sikuzigawa. Nilijiambia ni za kazi yangu.

Kanini aliondoka kwenye akaunti kabla ya mwaka kuisha. Mimi nikaendelea kuwafundisha watu wa MBA kujitambua hadi kazi zilipokauka.

Kabla sijamtumia mhariri makala hii nilimtumia Kanini. Tulikuwa hatujaongea kwa zaidi ya mwaka. Alikaa siku 2, halafu akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika 4, nyuma kuna kelele za matatu. Alisema amesoma. Alisema hiyo ya yule mama wa New Britain ni noma, hakuwa anaijua. Halafu akasema hivyo sivyo ilivyokuwa. Haikuwa ndengu, ilikuwa maharagwe, na yeye ndiye aliyeyapika. Hukutaja akaunti, akasema, wala karo, wala kodi. Hayo labda uliyasema kichwani. Hukusema kitu. Uliamka ukatoka nje, ukakaa kwa ngazi mpaka stima zikarudi, na sisi tukabaki hapo tunaulizana kama tukufuate. Mose alitaka kukufuata, mimi nikamkataza. Na hizo dola 10 Otis aliziona kwa akaunti asubuhi hiyo hiyo, sote tulijua, tulikuwa tunangoja uone kama utasema.

Zile aya sijazibadilisha. Nimempigia mara 2 tangu hapo. Mara ya kwanza alikuwa kazini. Mara ya pili tuliongea saa nzima, na mwingi wa huo muda nilikuwa namuuliza kuhusu zile ngazi, kwa sababu mimi sizikumbuki kabisa.